Okidi Gani, kwa Bei Gani? Kulinganisha Maduka, Vitalu na Maonyesho ya Maua Nairobi

Okidi yenye maua meupe kumi, iliyofungwa utepe na kutiwa kwenye chungu cha kauri, huuzwa bei kubwa kuliko jirani yake mwenye majani matupu. Mnunuzi mwenye pesa huchukua yenye maua, na asiye nazo huondoka mikono mitupu. Wote wawili wametazama ua, na ua ndiyo sehemu ya okidi inayokwisha upesi kuliko zote. Mizizi, umri wa mmea na jinsi unavyopatana na hewa ya kwenu ndivyo vinavyoamua kama pesa uliyotoa itakupa maua ya msimu mmoja au ya miaka kumi.

Naipenda mimea hii, na kila nikisikia kuna kitalu kipya au maonyesho ya maua, huenda kutazama na kuulizia bei. Katika makala haya nalinganisha njia tano za kuipata: supamaketi na duka la maua, kitalu cha kando ya barabara, mkuzaji aliyebobea, maonyesho, na kuagiza kutoka nje. Namwandikia hasa msomaji wa Nairobi, lakini mtu wa Mombasa, Arusha au Dar es Salaam atayatumia vilevile, mradi azingatie sehemu inayofuata.

Kabla ya kutoa pesa, jua mwinuko wa kwenu

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi. Mombasa ni nadra usiku kushuka chini ya nyuzi 20, na hewa ina unyevu mwaka mzima. Tofauti hiyo ina uzito kuliko ustadi wa mkulima.

Phalaenopsis, okidi ya majani mapana inayojaa madukani, asili yake ni misitu yenye joto ya Asia ya Kusini-Mashariki. Huota mkono wa maua inapopata wiki kadhaa za ubaridi wa wastani, chini ya nyuzi 26 hivi. Ndiyo maana Nairobi huchanua kwa urahisi ikiwa ndani ya nyumba, ingawa miezi ya baridi hupunguza kasi ya ukuaji wake. Mombasa hunenepa majani vizuri sana, kisha inaweza kukaa muda mrefu bila kuchanua kwa sababu haipati ule ubaridi.

Cymbidium ni kinyume chake. Hiyo ni okidi ya milima ya Asia na inadai usiku wa baridi ndipo itoe maua. Limuru, Kericho, Eldoret, Lushoto, Iringa na Mbeya ni kwake. Mpelekee mtu wa Dar es Salaam Cymbidium ya bei mbaya, naye atafuga majani marefu kama ya nyasi na kusubiri maua yasiyokuja. Vanda, yenye mizizi mirefu inayoning'inia hewani, hutaka jua, joto na unyevu, kwa hiyo pwani huhitaji kumwagiliwa tu, ilhali Nairobi huidumaza. Dendrobium zimegawanyika: za jamii ya nobile hupenda nyanda za juu na msimu mkavu wa baridi, na zile zenye maua yanayofanana na ya Phalaenopsis hupenda joto la pwani.

Basi okidi ya gharama ndogo kuliko zote ni ile ambayo hewa ya mlangoni kwako inaitosha. Ukianza kununua taa, hita na mashine ya unyevu, bei uliyolipa dukani imekuwa mwanzo tu wa matumizi.

Supamaketi na maduka ya maua

Hapa utakuta Phalaenopsis tu, au karibu tu. Mimea inafanana kwa urefu, kwa idadi ya maua na hata kwa upande inakoelekea. Kufanana huko kuna historia. Mbegu za okidi ni vumbi lisilo na akiba ya chakula, na porini haziwezi kuota bila kusaidiwa na kuvu. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba zinaweza kuoteshwa kwenye chupa yenye sukari na madini, bila kuvu. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel akaonyesha jinsi ya kuzidisha Cymbidium kutokana na ncha changa ya mmea mmoja, kila mche ukiwa pacha wa mama yake. Kazi hizo mbili ndizo zilizoiondoa okidi mikononi mwa matajiri peke yao na kuiweka karibu na kaunta ya supamaketi.

Faida ya njia hii ni kwamba unaona unachonunua, mmea umekomaa, na maua yake hukaa miezi miwili hadi mitatu. Hasara ni kwamba hakuna anayejua jina lake wala historia yake, na wauzaji wengi huimwagilia kama waridi.

Ukifika, usianze na maua. Mara nyingi mmea huwa kwenye chungu cha plastiki angavu kilichotumbukizwa ndani ya kile cha kauri. Inua hicho cha ndani ukitazame kwenye mwanga. Mizizi mizima iliyolowa ni ya kijani, ikikauka hugeuka rangi ya fedha, na ukiibonyeza ni migumu. Ukiona mizizi ya kahawia inayobonyea na kuacha uzi mwembamba katikati, hiyo imekufa. Kisha tazama kitovu, pale majani mapya yanapochipukia. Phalaenopsis haina matawi. Ina kitovu kimoja cha kukulia, na maji yakituama hapo kikaoza, mmea huo hauna pengine pa kuendelea. Mwisho geuza jani moja uone upande wa chini. Vidoa vigumu vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha ni wadudu wa magamba, na vitu vyeupe kama pamba kwenye makutano ya majani ni wadudu wengine wanaofyonza utomvu. Mmea wenye wadudu hao usiuchukue hata kwa nusu bei, kwa sababu utaambukiza yote uliyo nayo nyumbani.

Chagua wenye maua mawili au matatu yaliyofunguka na matumba mengi bado. Matumba ya manjano yanayodondoka ni ishara kwamba mmea umeteseka njiani au dukani. Na kuna Phalaenopsis za buluu kali ambazo huuzwa ghali kuliko nyeupe. Rangi hiyo imepigwa sindano kwenye mkono wa maua. Msimu ujao zitachanua nyeupe, na tofauti ya bei uliyolipa itakuwa imekwisha na rangi yenyewe.

Chungu cha kauri nacho hupandisha bei, na mara nyingi hakina tundu chini. Kama duka linauza mmea ule ule ukiwa na plastiki yake tu, nunua huo.

Vitalu vya kando ya barabara

Barabara za Ngong, Limuru na Kiambu zina vitalu vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Wengi wa wauzaji hawa wanaishi kwa miche ya kuzungushia ua wa nyumba, miti ya matunda na maua ya bustani. Okidi ni chache na hukaa pembeni, kwenye kivuli. Hapa bei ni ya kuelewana, na mazungumzo ndiyo kipimo chako kikuu.

"Mum, chukua hii, nakufanyia bei ya asubuhi."

"Asante, kaka. Mara ya mwisho ilitoa maua lini?"

Swali hilo halimkwazi mtu na lina majibu ya aina mbili. Muuzaji akikuambia, "Mwaka jana mwezi wa nane, ilikuwa ya manjano, na picha ninayo kwenye simu," huyo anaujua mmea wake na bei yake ina msingi. Akikuambia inatoa maua ya kila rangi wakati wowote, tafuta mwingine au lipa bei ya majani.

Jambo la pili la kukagua ni udongo. Okidi nyingi zinazouzwa huku huishi juu ya miti porini, na mizizi yake inahitaji hewa. Ikishindiliwa udongo mweusi wa mfinyanzi, mizizi huoza hata kama majani bado ni ya kijani kwa wiki kadhaa. Ukiipenda sana, hesabu ndani ya bei gharama ya kuipandikiza upya siku hiyo hiyo.

Kitalu cha barabarani kina hazina moja ambayo wanaoanza huipita bila kuitazama: Epidendrum ya mashina marefu kama matete, yenye vichwa vya maua madogo mekundu, ya machungwa au ya zambarau. Asili yake ni Amerika, lakini bustani za Nairobi zimeizoea kabisa. Huishi nje juani, hupandwa kwenye changarawe na mboji nyepesi, huchanua sehemu kubwa ya mwaka, na huzaa vitoto kwenye mashina yake ambavyo huvunjwa na kupandwa vikiwa na mizizi tayari. Kitoto kimoja kilichonunuliwa kwa bei ndogo hugeuka kichaka. Mtu akiniuliza aanze na okidi gani kwa pesa kidogo, humjibu hii bila kusita.

Mkuzaji aliyebobea

Nairobi na nyanda za karibu yake zina watu wanaokuza okidi kwa miaka, wengine kwa biashara, wengine kwa mapenzi tu, na wengi wao hujuana kupitia chama cha Kenya Orchid Society. Kwao bei huonekana kubwa mpaka ujue unalipia nini. Phalaenopsis huchukua takriban miaka mitatu tangu mbegu hadi ua la kwanza. Cattleya, jamii nyingine ya okidi, huchukua mitano hadi saba. Mtu anayekuuzia Cattleya iliyokomaa anakuuzia miaka yake saba ya kumwagilia, kutia mbolea na kupambana na konokono.

Kwa Cymbidium, uliza kipande kilichogawanywa kutoka mmea mkubwa. Kipande chenye mashina yaliyovimba matatu au manne, yote yakiwa na majani, kinaweza kuchanua mwaka ujao au unaofuata. Shina moja la zamani lisilo na majani huuzwa kwa bei ya kutupa na litachipuka, lakini litakuweka miaka mitatu au zaidi ukisubiri. Kwa mwanafunzi mwenye subira hilo ni chaguo zuri, ila kwa anayetaka kupamba baraza mwakani ni hasara.

Lebo nayo ina thamani ya pesa. Jina lililoandikwa kati ya alama za kunukuu mwishoni mwa lebo ni la mmea mmoja mahususi na pacha zake. Herufi kama AM au FCC zinazolifuata zinasema mmea huo ulipewa tuzo na waamuzi. Kwa mfumo wa chama cha okidi cha Marekani, AM ni alama 80 hadi 89 na FCC ni 90 kwenda juu. Tuzo hiyo haiwafuati watoto waliotokana na mbegu. Muuzaji anayepandisha bei ya mche kwa sababu mama yake alipata tuzo anakuuzia matumaini, na matumaini hayo yana bei yake, lakini si bei ya mmea wenye tuzo.

Hapa pia ndipo unapoweza kuuliza kuhusu virusi. Kuna viwili vinavyosumbua okidi duniani kote, na vyote havina dawa. Husambazwa na kisu au mkasi unaokata mmea mmoja na kuhamia mwingine. Mkuzaji anayechoma mkasi wake kwa moto kati ya mmea na mmea mbele ya macho yako anastahili kulipwa zaidi ya yule anayeufuta kwenye suruali.

Maonyesho ya maua

Kenya Orchid Society huandaa maonyesho yake jijini Nairobi, na kwa mpenzi wa okidi hakuna mahali pa kujifunza haraka kuliko hapo. Mimea iliyokomaa imepangwa ikiwa katika uzuri wake, kila mmoja na jina lake, na aliyeikuza yupo hatua chache kutoka hapo. Na anaishi chini ya hewa ile ile unayoishi wewe. Akikuambia Cymbidium yake inakaa nje chini ya neti mwaka mzima, hilo linakufaa kuliko kitabu kilichoandikiwa bustani za kioo za Ulaya.

Ukienda, tembea kwanza sehemu ya mashindano kabla ya kugusa meza za mauzo. Piga picha ya mmea na lebo yake pamoja. Chagua miwili au mitatu iliyokuvutia, kisha uliza wenyewe inahitaji nini. Ndipo uende mezani ukiwa na majina. Anayefanya kinyume, akaanza na meza, hununua alichokutana nacho, na msisimko wa maonyesho ni mzuri wa kumaliza pesa.

Meza za mauzo huwa na vitu visivyofika madukani: vipande vya mimea ya wanachama, miche michanga, na okidi za Afrika Mashariki zilizooteshwa kwa mbegu. Hapo ndipo nilipomwona mama mmoja akimwomba mzee muuzaji amwonyeshe mizizi ya Aerangis. "Shikamoo mzee, naweza kuiona chini?" Mzee akaitikia marahaba, akageuza chungu, akakipiga kidogo kwenye kiganja na kuutoa mmea wote na vipande vyake vya makaa. Mizizi minene ilikuwa imekumbatia makaa hayo barabara, ncha zake zikiwa za kijani kibichi. "Ncha hizi ndizo unazonunua, mama," akamwambia. "Zikiwa kijani hivi, mmea unakula." Mmea ulikuwa hauna ua hata moja. Mama akalipa bila kuomba kupunguziwa, nami naamini alifanya biashara nzuri kuliko wote siku hiyo.

Aerangis zenyewe zinastahili sifa. Ni okidi za kwetu, nyeupe, zenye mkia mrefu wa asali nyuma ya ua, na nyingi hunukia usiku ili kumwita nondo mwenye ulimi mrefu wa kufikia asali hiyo. Aina kadhaa huishi vizuri Nairobi zikifungwa kwenye kipande cha gome au kigogo. Hazina ukubwa wa Phalaenopsis, lakini hazidai hita, na jioni hujaza chumba harufu.

Kuhusu saa ya kwenda: asubuhi ya siku ya kwanza ni ya wanaotaka kuchagua, saa za mwisho za siku ya mwisho ni za wanaotaka kupunguziwa. Muuzaji aliyesafiri na mimea hapendi kurudi nayo. Ada ya kuingia iweke kwenye hesabu yako. Ukinunua mmea mmoja tu inaongeza bei yake, ukinunua mitatu haionekani. Na ukijiunga na chama, ada ya mwaka hurudi upesi kupitia vipande ambavyo wanachama hugawiana au kuuziana kwa bei ya urafiki.

Maonyesho makubwa ya kilimo, kama ya Nairobi pale Jamhuri Park au Nane Nane kwa upande wa Tanzania, yana kazi nyingine kwako. Huko nenda kulinganisha bei za neti ya kivuli, vyungu, pampu za kunyunyizia na mbolea ya maji.

Kuagiza kutoka nje

Vitalu vya Thailand, Taiwan na Uholanzi vina orodha ndefu zenye bei zinazovutia kwa mche mmoja. Bei hiyo si utakayolipa. Okidi zote duniani zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini uliotiwa saini mwaka 1973, kwa hiyo mmea unaovuka mpaka unahitaji kibali cha mkataba huo. Kenya inahitaji pia kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kilichopatikana kabla mzigo haujaondoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Tanzania shughuli hiyo ya afya ya mimea iko chini ya mamlaka iitwayo TPHPA. Sheria hizi zinamhusu hata anayevuka mpaka wa Namanga na okidi moja kwenye begi.

Karatasi hizo hulipiwa kwa mzigo, na ongeza nauli ya ndege. Mmea mmoja hubeba gharama zote peke yake, arobaini hugawana. Kwa hiyo kuagiza kuna maana kwa kikundi, si kwa mtu mmoja. Miche michanga iliyo bado ndani ya chupa iliyozibwa ya maabara ina nafuu katika masharti ya CITES, na chupa moja ina miche mingi, lakini kibali cha afya ya mimea bado kinahitajika. Kuitoa chupani na kuizoesha hewa ya kawaida ni kazi ya mtu aliyekwisha kuzoea okidi. Anayeanza aiache.

Hesabu ya miaka mitano

Sasa tuiweke kwa shilingi. Bei ninazotumia hapa ni za mfano, za kuonyesha njia. Weka zile utakazokuta siku unayonunua, hesabu itakuwa ile ile.

Chukua Phalaenopsis iliyokomaa ya shilingi 3,000 inayochanua wiki kumi kwa mwaka. Ukiitupa maua yakiisha, umelipa shilingi 300 kwa wiki. Linganisha na shada la waridi la shilingi 700 linalokaa siku kumi: kwa siku hizo sabini utanunua mashada saba, yaani shilingi 4,900. Hata anayeitupa okidi yake ametumia pesa kidogo kuliko mnunuzi wa mashada.

Ukiitunza miaka mitano, ukaipandikiza mara mbili kwa shilingi 400 na kutumia mbolea ya shilingi 300 kila mwaka, jumla yako ni 5,300. Umepata wiki hamsini za maua, shilingi 106 kila wiki.

Sasa chukua mche mchanga wa aina hiyo hiyo kwa shilingi 800. Matunzo ni yale yale, kwa hiyo jumla ya miaka mitano ni 3,100. Ila unasubiri miaka mitatu, unapata misimu miwili tu, wiki ishirini. Hiyo ni shilingi 155 kwa wiki. Mche wa bei rahisi umekuwa ghali kuliko mmea uliokomaa, bila hata kuhesabu kwamba miche hufa zaidi. Mche unafaa kwa anayefurahia kukuza, kwa anayetaka aina isiyopatikana ikiwa imekomaa, na kwa mwenye mpango wa miaka kumi. Anayetaka maua kwa bei nafuu atapata afadhali akinunua mmea wa umri wa kuchanua usio na ua, kwa sababu majani matupu ndiyo yanayomfanya muuzaji apunguze bei.

Matumizi yasiyo kwenye lebo

Gome la msonobari hugeuka mboji baada ya miaka miwili hivi, na mmea lazima uhamishwe. Makaa magumu ya kawaida, yaliyovunjwa vipande na kuoshwa vumbi, hudumu zaidi na yapo kila mtaa. Makumbi ya nazi ni mazuri na pwani ni ya bure, lakini hubeba chumvi; yaloweke na kubadilisha maji mara kadhaa kabla ya kuyatumia. Kuvumwani (moss) ya kutoka nje katika paketi ndogo, kwa hewa ya Nairobi, nionavyo ni anasa.

Maji ni jambo zito zaidi. Visima vingi virefu vya Nairobi vina madini na floridi kwa wingi, na okidi ikinyweshwa maji hayo kwa muda mrefu huungua ncha za mizizi. Pipa moja la kukinga maji ya mvua ni kifaa bora kuliko vyote utakavyouziwa. Mbolea nayo itie kwa robo ya kipimo kilichoandikwa, mara kwa mara, badala ya kipimo kizima mara moja moja. Mmea utapata nafuu na chupa itadumu.

Zilizong'olewa msituni, usinunue

Kuna okidi ambayo bei yake huwa ndogo kuliko zote nilizotaja: ile iliyobanduliwa kutoka mtini. Mara nyingi ni Ansellia africana, yenye maua ya manjano yenye madoa ya chui, au Aerangis zilizofungwa kwa kamba. Utazitambua kwa mizizi iliyokatwa huku ikishikilia gome la mti, majani ya zamani yenye makovu, kuvu na ukungu wa porini, na kutokuwa na lebo. Mimea hiyo iliyopoteza mizizi mara nyingi hufa nyumbani baada ya kuishiwa na akiba yake, kwa hiyo hata kwa hesabu kavu ya pesa ni hasara.

Lakini hesabu ya pesa haitoshi hapa. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania viazi vya okidi vimechimbwa kwa wingi na kuvushwa hadi Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Uwanda wa Kitulo, ulioko huko na ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ulinzi wa maua hayo ni sehemu ya sababu. Okidi hukua polepole. Kinachong'olewa kwa dakika moja kilichukua miaka kufika hapo. Mnunuzi anayekataa anainyima biashara hiyo sababu ya kuwapo. Muulize muuzaji kwa adabu imetoka wapi, na akisema msituni, mshukuru na uondoke.

Nani anunue wapi

Kama unataka zawadi au pambo la sebule wiki hii, nenda supamaketi, chagua kwa mizizi, acha chungu cha kauri na rangi ya buluu. Kama una bustani na pesa kidogo, nenda kitalu cha barabarani ukatafute Epidendrum. Ukiishi nyanda za juu na unataka mmea wa kurithisha wanao, tafuta kipande cha Cymbidium chenye mashina matatu kwa mkuzaji anayechoma mkasi. Ukiishi pwani, pesa hiyo hiyo itoe kwa Vanda au Dendrobium za joto na umwachie mtu wa Limuru Cymbidium zake. Kuagiza nje kungoje mpaka mmekuwa kikundi.

Na kwa yeyote ambaye ameanza kuipenda mimea hii, shilingi zake za kwanza ningemshauri azitumie kuingia maonyesho kabla ya kununua chochote. Atatoka akijua majina, akijua watu, na akijua kipi kinachanua kwenye hewa ya kwao. Ujuzi huo utamwokolea pesa katika kila duka atakaloingia baadaye.